Tunalipa kila mwezi, lakini mchezo si wetu



Jumapili iliyopita nilipita, kama kawaida yangu nikiwa mjini, kwenye sale moja ya michezo karibu na Marché Central, hapa Makiso. Mwenye sale ni kijana ninayemjua tangu siku alipokuwa anaendesha toleka. Aliacha baiskeli, akanunua konsoli ya kwanza ya okazyo, kisha ya pili, na leo ana ekra nne na grupu ndogo kwa siku ambazo umeme unakatika. Mechi moja ni 500 franka. Kwa kazi hiyo anasomesha wadogo wake wawili.

Siku hiyo alikuwa na konsoli mpya mezani, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

— Yaya, angalia hii kitu. Natafuta kishimo ya kuingiza sede, hakuna.

— Umetafuta nyuma?

— Nyuma, chini, pembeni, pote. Hakuna. Mwenye kuniuzisha alisema ni ya kisasa.

Kisasa kweli. Ilikuwa ile aina isiyopokea sede hata moja. Kila mchezo unapaswa kuushusha kwa intaneti, na mchezo mmoja wa leo unaweza kupita giga 50. Tulikaa tukapiga hesabu ya mega. Mchezo mmoja tu ungekula mapato yake ya siku nyingi, na hapo bado hatujahesabu bei ya mchezo wenyewe. Chini ya meza alikuwa na kartoni nzima ya sede alizokusanya miaka nane. Kwa ile konsoli mpya, kartoni hiyo haikuwa na kazi tena.

Nilirudi nyumbani nikifikiri. Mimi si mtaalamu wa mambo ya mashine. Nilimaliza sekondari, nikaingia kazi ya migodi, na leo ni mtu wa sendika. Lakini mchezo nimeucheza zaidi ya miaka 20 na ninaupenda. Mke wangu anajua, majirani pia wanajua, sababu kelele yangu siku ninapomfunga mtoto wangu inavuka parsele tatu. Kwa hiyo ninaandika kama mpenzi wa mchezo na kama mwanasendika pia. Kama mwanasendika, kitu nilichoona pale sale nakijua vizuri. Nimekiona kwenye karyeri.

Najua wenzangu wengine watasema: huyu delege amekosa kazi, watu hawajalipwa miezi, yeye anatuandikia juu ya PlayStation. Nawajibu kwa heshima. Mchimbaji anatoka shimoni Jumamosi, anataka kuona mechi. Mtoto wake anataka kucheza. Mama anataka kuona sinema yake jioni. Hizo zote zinalipwa kwa makuta yetu, yale tuliyoyapata kwa mgongo. Wazee wa zamani wa makampuni ya madini walikuwa na serkle yao kwenye kambi, na sinema yao ya mwisho wa juma, na walijua kwamba kupumzika ni sehemu ya mshahara. Mtu akigusa mapumziko yako, amegusa mshahara wako.

Basi tuanze na namna ilivyokuwa zamani.

PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa tatu 2000. Iliuzishwa duniani zaidi ya milioni 150, na Sony iliacha kuitengeneza mwaka 2013 tu. Huku kwetu haijafa mpaka leo. Sababu yake ni rahisi. Ulinunua konsoli, ulinunua sede, basi imekwisha. Hakuna mtu aliyekuja mwisho wa mwezi kukuomba kitu. Umeme ukiwepo, unacheza. Ukichoka na mchezo, unamwazima jirani, unabadilisha na mwingine, au unauzisha sokoni. Sede iliyokwaruzika, unapangusa kwa shati na kuomba Mungu. Hata FIFA 14, iliyotoka 2013, ilitoka pia kwa PlayStation 2, miaka 13 baada ya mashine kuzaliwa.

Ndiyo njia ambayo sale za michezo zilizaliwa, hapa Makiso, Mangobo, Kabondo, mpaka ng'ambo ya mto Lubunga. Kijana aliyenunua kitu mara moja aliweza kula juu yake miaka mitano. Vilevile na filamu. Mwenye televizyo na mashine ya VCD aliweka mabenchi, akaita watoto wa kartye, filamu ya karate mchana, mchezo wa kuigiza wa Kinshasa jioni. Kitu kilikuwa chake, na hakuna aliyeweza kukizima akiwa mbali.

Nisiwafiche: sede nyingi za soko letu zilikuwa za kunakiliwa. Aliyetengeneza mchezo hakuona hata franka moja. Hilo nitarudi kwalo, sababu ni jambo la haki.

Sasa tuone leo. Mwezi wa kumi na moja 2020, Sony ilitoa PlayStation 5 kwa aina mbili: moja ya dola 499 yenye nafasi ya sede, moja ya dola 399 bila nafasi hiyo. Watu walisema, vizuri, maskini naye amefikiriwa, ile bila sede ni rahisi. Miaka minne baadaye, mwaka 2024, ilitoka ile kubwa, PlayStation 5 Pro, kwa dola 699, na yenyewe haina nafasi ya sede kabisa. Ukitaka, unanunua kando. Mwezi wa sita 2025 Nintendo nayo ilitoa Switch 2. Kwa baadhi ya michezo yake, kile kikadi unachonunua dukani hakina mchezo ndani. Ni kama ufunguo tu. Ukikiingiza, kinakutuma kwanza kushusha mchezo kwa intaneti.

Kisha kuna abonema. Microsoft ilianza yake mwaka 2017, kwa karibu dola 10 kwa mwezi, unacheza michezo mingi kama unavyotaka. Ilikuwa tamu. Watu mamilioni waliingia. Mwezi wa kumi 2025, huko Marekani, abonema yao ya juu kabisa ilitoka karibu dola 20 ikafika karibu dola 30 kwa mwezi, kwa mara moja. Na ukiacha kulipa, ile michezo yote ya abonema inafunga mlango. Uliyolipa miaka yote hiyo, mkononi hubaki na kitu.

Tena, hata ule mchezo ulionunua kwa bei nzima unaweza kuondolewa. Kampuni ya Kifaransa Ubisoft ilikuwa na mchezo wa mbio za gari, The Crew, uliotoka 2014. Ulihitaji mashine za kampuni ziwe zinafanya kazi huko kwao, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2024 kampuni ilizima mashine hizo. Walioununua, hata wenye sede mkononi, hawakuweza kuucheza tena. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule ule, mkubwa mmoja wa kampuni hiyo anayeshughulika na abonema alikuwa ameeleza kwamba abonema itakua kweli siku wachezaji watakapozoea kutokuwa wenye michezo yao. Walau alisema wazi.

Wachezaji wa Ulaya hawakunyamaza. Walianzisha kampeni inayoitwa Stop Killing Games, wakakusanya saini kwa njia ya sheria ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2025 zilipita milioni moja. Wanaomba kitu kimoja: kampuni ikitaka kuacha mchezo, iuache kwa namna ambayo aliyenunua anaweza kuendelea kuucheza. Kule California, sheria iliyotiwa saini 2024 inalazimisha duka la intaneti limwambie mteja wazi kama anachopata ni ruhusa ya kutumia tu, na si mali yake. Maana neno «nunua» lilikuwa limegeuka uongo.

Ndugu zangu, kwa nini wanafanya hivi? Si juu ya ukisasa. Fanyeni hesabu ya mwenye duka. Sede moja ikiuzishwa, kampuni inapata mara moja. Kisha sede inapita mikono 10, na kampuni haipati tena. Kwake, ile mikono tisa ni hasara. Dawa yake ni kuondoa sede. Bila sede hakuna okazyo, hakuna kuazimana, hakuna sale ya michezo inayokula miaka mitano juu ya kitu kimoja. Kila mtu anarudi kulipa kwake, peke yake, kila mwezi.

Ninyi mliochimba almasi au dhahabu mnaijua biashara hiyo. Unafika kwenye karyeri mikono mitupu. PDG wa shimo au negosian anakupokea vizuri. Anakupa mchele, anakupa koleo, anakupa dawa ukiugua. Hakuombi kitu siku ya kwanza. Ni mwema. Lakini siku jiwe linapotoka, unaelewa kwamba lilikuwa lake toka zamani, na bei anaisema yeye. Ukitaka kwenda kwa mwingine, deni linakushika. Aliyechimba hana jiwe, hana shimo, hana koleo. Ana jasho na deni.

Abonema ni ule ule mchele wa negosian. Inaanza rahisi, karibu bure, mpaka umesahau namna ya kuishi bila yenyewe. Umetupa konsoli ya zamani, umegawa sede zako. Hapo bei inapanda, na wewe huna pa kwenda.

Iko na namna nyingine iliyo mbaya zaidi, hasa kwa watoto: mchezo wa bure. Konami, wale wa PES tuliyoipenda, mwaka 2021 waligeuza mchezo wao kuwa eFootball, unashusha bila kulipa. FIFA nayo, baada ya EA kuachana na shirika la FIFA, tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Ndani ya michezo hii kuna timu unayoijenga kwa kufungua pakiti. Unalipa, unafungua, hujui utapata nani. Labda nyota. Labda mtu ambaye hata kocha wake hamjui. Mtoto wangu wa pili anatafuta wachezaji wa Leopards, Mbemba, Wissa, na mimi nilimsifu, nikasema ana upendo wa nchi. Kumbe kila upendo wa nchi ulikuwa unakatwa kwenye simu ya mama yake. Tuligundua siku mama yake alipotaka kutuma makuta kwa ndugu aliye Bafwasende, akakuta akaunti imebaki na vumbi.

— Baba, sikuiba. Nilifungua pakiti tu.

— Pakiti ngapi?

Alinyamaza. Nilitaka kumpiga, kisha nikajiuliza: mimi mwenyewe nimeona wanaume wazima wakimaliza mshahara kwenye tiketi za kupari mechi, Ijumaa mpaka Jumapili. Huyu wa miaka 12 amefanya nini tofauti? Amecheza bahati nasibu bila kuambiwa kwamba ni bahati nasibu.

Wabelgiji, wale tunaowaita banoko, waliona jambo hilo mapema. Mwezi wa nne 2018, tume yao inayosimamia michezo ya bahati ilisema kwamba pakiti za namna hiyo, za kulipia bila kujua kilicho ndani, zinavunja sheria yao ya kamari. Mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuzisha kule Ubelgiji zile pointi za kununulia pakiti. Watoto wa Bruxelles wanaendelea kucheza mpira uleule. Kwa hiyo inawezekana kuondoa pakiti bila kuua mchezo. Ikiwa inawezekana kwa watoto wao, kwa nini isiwezekane kwa watoto wetu?

Upande wa televizyo, mambo yanaenda njia moja. Netflix ilianza kwa kukodisha sede za filamu kwa posta huko Marekani, na mwezi wa tisa 2023 ilituma ya mwisho. Mwaka uleule ilianza kuwakaza watu wanaogawana akaunti moja nyumba mbili. Huku Afrika, mwezi wa tisa 2025, Canal+ ya Ufaransa ilichukua uongozi wa MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv. Pamoja wana abonema zaidi ya milioni 40 kwenye nchi karibu 70. Sisemi kwamba ni ubaya. Kampuni kubwa inaweza kununua mechi kubwa na kutengeneza filamu za kwetu, na waigizaji wetu wapate kazi. Lakini mchimbaji anajua soko lenye komptwari mbili, na soko ambalo komptwari mbili zimekuwa moja. Penye mbili, unatoka kwa mmoja unaenda kwa mwingine na jiwe lako. Penye moja, unakaa chini na kusikiliza bei.

Sasa nirudi kwenye haki niliyoahidi. Mtu atasema: delege, wewe unasifu sede za kunakiliwa, je wale waliotengeneza mchezo wale nini? Swali ni zuri, na mwanasendika hawezi kulikimbia. Mchezo ni kazi ya watu. Wako waliochora, waliopanga, waliocheza mchezo mara elfu wakitafuta makosa. Wanastahili kulipwa, na mimi niko tayari kulipa bei ninayoiweza, kwa kitu kitakachobaki changu.

Lakini tuangalie kama makuta ya abonema yanawafikia. Microsoft ilinunua kampuni ya Activision Blizzard mwezi wa kumi 2023, kwa karibu dola bilioni 69. Haikupita hata miezi minne, mwezi wa kwanza 2024, ilifukuza watu 1,900 wa upande wa michezo. Mwezi uliofuata Sony ilitangaza kuondoa karibu 900. Kwa hiyo bei inapanda kwa mchezaji, na kazi inakatika kwa mtengenezaji. Hapo katikati kuna mtu anayeshiba, na si sisi wala wao.

Wale wafanyakazi nao wameamka. Mwezi wa tano 2022, watu wanaojaribu michezo kwenye studio ya Raven, Marekani, walipiga kura wakaunda sendika. Walikuwa wachache, hawafiki hata 30. Waigizaji wanaotoa sauti na mwili kwa michezo waligoma tangu mwezi wa saba 2024, sababu kampuni zilitaka kuchukua sauti zao na kuzitumia kwa mashine za akili bila ruhusa wala malipo ya haki. Walishikilia karibu mwaka mzima, na mwaka 2025 walipata mkataba mpya. Hawa ni wenzetu, hata kama hawajawahi kuona karyeri. Mtu wa kujaribu mchezo na mtu wa kusukuma koleo wote wanaambiwa neno moja: ukichoka, wako wengine mlangoni.

Tena sisi wachimbaji tuna jambo lingine ndani ya hiyo mashine. Fungua konsoli, fungua simu. Utakuta tantale, inayotoka kwenye koltan, kwa kushikilia umeme kwenye vile vidude vidogo. Utakuta dhahabu kidogo sana kwenye viungo. Ndani ya betri nyingi kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Mwaka 2000, dunia ilipokuwa inataka simu na mashine mpya kwa pupa, bei ya koltan ilipanda mara nyingi kabla ya mwaka kwisha. Kule Kivu watu waliacha mashamba wakakimbilia mashimo, na wenye bunduki wakakimbilia pia. Mwaka 2001 bei ikaanguka, bunduki zikabaki.

Sisi wa Kisangani mwaka huo 2000 tunaukumbuka kwa jambo lingine. Tangu tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu siku sita. Mimi nilikuwa kijana wa shule. Tulilala chini ya kitanda, na tulipotoka tulizika. Sitaki kudanganya: vita ile haikuwa ya PlayStation. Ilikuwa ya ukubwa na ya almasi na ya mali nyingine zilizopita hapa. Lakini nilijifunza mapema kwamba kitu kikitoka ardhini kwetu, kikaenda mbali na kurudi kikiwa kimepakwa rangi, kinarudi na bei ambayo sisi hatukuipanga. Na sasa kinarudi hata si cha kununua. Kinarudi cha kukodi.

Nisimalize kwa kulia tu. Sendika ni kazi ya kupendekeza. Mimi napendekeza mambo manne.

La kwanza, msitupe vya zamani. Kama una PlayStation 2 au 3 inayofanya kazi, itengeneze, itunze, na sede zake uzifunike vizuri. Kabla ya kununua konsoli ya okazyo iliyotoka Dubai au Kinshasa, uliza swali moja: inapokea sede? Kama haipokei, hesabu mega kwanza, kisha ndipo uhesabu dola. Muuzishaji hatakuambia asipoulizwa.

La pili, simu ya makuta isiwe simu ya mchezo. Code ya kutuma makuta mtoto asiijue, hata yule unayempenda zaidi. Na mkae naye, mumweleze pakiti ni nini. Mtoto anaelewa. Wangu sasa ananifunga bila kununua mtu yeyote, na inaniuma zaidi.

La tatu, kila nyumba iandike kwenye karatasi inachokodi: dekoda, mega, abonema. Jumlisha miezi 12. Nilipofanya hivyo kwangu, nilikaa kimya dakika kadhaa. Dekoda tumeibakiza, juu ya mpira na juu ya sinema ya mama. Kingine tulikata. Si lazima ukate kama mimi. Lakini ujue.

La nne ni la sendika zetu na mutuelle zetu. Kwenye kampuni zenye mkataba wa pamoja, tuliingize neno la mapumziko tena kwenye meza. Tunaomba nyumba moja, ekra chache, dekoda moja ya wote, konsoli zinazopokea sede, na sede ziwe mali ya mutuelle, zinaazimwa kama vitabu vya maktaba. Kwa wachimbaji wa mashimo, kooperative inaweza kufanya hivyo kwa mchango mdogo. Kitu kimoja cha wote ni bora kuliko abonema 100 za kila mtu peke yake. Na wabunge wetu, wale wanaokuja kutuomba kura, tuwaulize kama wako tayari kufuata banoko kwa jambo moja zuri: kulinda watoto na pakiti za bahati.

Juzi nilipita tena kwa yule kijana wa sale. Konsoli isiyo na kishimo ameirudisha kwenye kartoni yake. Anatafuta mtu mwenye intaneti nzuri wa kumuuzishia, hata kwa hasara. Mezani amerudisha ile ya zamani, na watoto walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, wakipiga kelele juu ya penalti.

— Yaya, hii imechoka, lakini ni yangu.

Nilimlipa 500 franka yangu, nikakaa kwenye benchi. Mtoto wa miaka tisa alinifunga tatu bila. Lakini hakuna mtu wa mbali aliyekuja kutuzimia mchezo.



Mwanasendika wa migodi, Makiso, Kisangani